Gari Lililozeeka kwa Kukaa

Niliwahi kufua filta ya hewa ya gari kwa sabuni ya unga, nikaisuuza mara mbili, nikaianika kwenye kamba katikati ya soksi zangu na leso ya mke wangu. Naanza na hili kwa sababu nisipolisema mimi majirani watalisema, na afadhali aibu itoke kwa mwenyewe ikiwa bado na heshima kidogo. Kwa asiyejua, filta hiyo ni ya karatasi. Ikilowa hufura kama mkate uliotumbukia kwenye chai, na ikikauka hairudi tena ilivyokuwa.

Kosa lilianzia kwenye herufi moja. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa mtaa wa Iftin, mjini Garissa, ni mzee aliyeendesha malori ya Mandera miaka mingi, mpaka magoti yalipomstaafisha. Nyumbani kwake husema Kisomali. Kiswahili anakiweka kwa ajili yangu, polisi wa barabarani na mafundi. Mimi humwita Adeer, neno ambalo watoto wa ndugu yake humwitia kama baba mdogo, na siku hizi mtaa mzima tumelirithi. Katika mdomo wa Adeer v ni f, na p ni b. Vumbi ni fumbi. Akisema gari imebaki pale nje, ni juu yako kujua kama limepaki, yaani limeegeshwa, au limesalia. Mimi sina haki ya kucheka. Wazazi wangu waliletwa huku na kazi ya serikali kutoka bara, na kwao r na l hazikuwahi kuelewana. Mama yangu alikwenda kaburini akiita rula "lura". Kila jamii ina herufi zake isizozilipia kodi. Lakini nimezaliwa Garissa, nimeota mvi Garissa, na ningepaswa kujua kwamba Adeer aliposema, "Fua filta, tuone," alikuwa ananiambia niivue.

Nikaifua.

Gari lenyewe nalo ni kosa, ila hilo ni kosa la zamani nimeshalizoea. Miaka mitano nyuma afisa mmoja wa kutoka bara, ofisi yake ikipakana na stoo ninayotunza, alihamishiwa Takaba. Alikuwa na gari la mbio, jekundu, milango miwili na viti viwili, tumbo lake limekaribia ardhi hivi kwamba paka akitaka kupita chini huinama kwanza. Barabara ya Takaba ingelimaliza kabla ya chakula cha mchana. Akatafuta mnunuzi. Mji mzima ulikuwa na akili siku hiyo isipokuwa mimi. Nilitoka nyumbani kununua sukari, nikarudi na gari, na sukari nikaisahau.

Mke wangu alilizunguka mara moja. "Tuko watano," akasema, "na wewe umenunua viti viwili."

Akajaribu kuingia. Alisema kuingia ni kama kuteremshwa kaburini, na kutoka ni kama kuzaliwa upya bila mkunga. Tangu hapo kanisani huenda kwa miguu, nami humfuata nyuma na gari, polepole, kama askari wa msafara.

Zaidi ya kanisani sikulipeleka popote. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nina kiti changu cha plastiki barazani, nina redio, nina kikombe ambacho hakuna mwingine anayeruhusiwa kukinywea. Watu wa hapa wakivuka daraja la Tana husema wanakwenda Kenya. Mimi ambaye asili yangu ni huko huko Kenya nilikuwa sijavuka daraja lile kwa miaka minne, na Adeer, aliyelivuka zaidi ya alivyovuka kizingiti chake, hakuchoka kunikumbusha. Kwa hiyo gari lilipotimiza miaka tisa tangu litoke kiwandani, lilikuwa limetembea kilomita elfu kumi na tisa tu, nyingi zikiwa za yule afisa. Nilijivuna nazo kana kwamba nilizifanyia kazi. "Bado jipya," niliwaambia wageni, nikifunua turubai kidogo pembeni, kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga aliyelala.

Sasa kuna binti yangu wa kwanza. Ana jina la mama yangu, kwa hiyo namwita Mama, na akinikasirikia huwa nakasirikiwa na wawili. Alipokwenda kidato cha kwanza huko Mwingi, nilimwahidi kumpeleka mwenyewe na gari letu jekundu. Asubuhi ya safari taa moja ya dashibodi iliwaka, ikazimika. Nikasema si vizuri kuhatarisha maisha ya mtoto. Nikampandisha basi pamoja na mke wa mwalimu mmoja aliyekuwa anaelekea huko. "Sawa, Baba," akasema. Hakulia wala hakununa. Ningependa sana kama angenuna. Siku za wazazi kutembelea shule alikwenda mama yake, miaka yote minne, na ile taa haikuwaka tena.

Mwaka huu alipata nafasi katika chuo kimoja upande wa Thika. Aliomba kitu kimoja tu.

"Baba, safari hii unipeleke wewe."

Nikasema nitampeleka. Mke wangu alikuwa anachagua mchele. Mkono wake ulisimama juu ya ungo, kisha ukaendelea.

Kesho yake nilipiga simu Nairobi kwa wauzaji ambao gari lile lilikuwa bado katika vitabu vyao, kuuliza kama kuna chochote kinachohitajika kabla ya safari ya mbali. Nakiri niliuliza kwa sauti ya mtu anayetumaini jibu refu. Wakaniletea kwenye simu orodha ya mambo kumi na moja. Oil ya injini. Filta ya hewa. Mafuta ya breki. Maji ya rejeta. Matairi manne. Betri. Plagi. Oil ya giaboksi. Kusafisha injekta. Kusafisha injini ndani kwa dawa. Na la mwisho, kupulizia dawa kwenye mitambo ya baridi ili ndani kunukie vizuri. Chini yake waliandika kwamba wanapendekeza yote yafanyike kabla ya safari.

Nilipoisoma nilihisi, Mungu anisamehe, nafuu. Mambo kumi na moja, na zimebaki wiki mbili! Hakuna ambaye angenilaumu. Safari hii haikuwa taa ya kuwaka na kuzimika. Ilikuwa karatasi yenye nembo.

Niliichapisha kazini, nikampelekea Adeer nikiwa na uso wa huzuni. Aliishika mbali na macho.

"Waryaa, Karani," akasema. Karani ndiye mimi. Na waryaa ni namna ya kumwita mwanamume ageuke, na ajue pia kwamba anayemwita ni mkubwa wake. "Hii ni ya gari au ya hosbitali?"

"Ya gari, Adeer."

"Gari ni gonjwa?"

"Hata! Halijatembea. Ni jipya."

Alinitazama mimi, si gari. "Anza na fumbi," akasema. "Fua filta, tuone."

Ndipo nikafua. Alikuja kesho yake baada ya sala ya alasiri, akaikuta kwenye kamba. Alisimama kitambo, mikono nyuma.

"Hii ni nini?"

"Filta. Nimeifua kama ulivyosema. Bado ina unyevu kidogo chini."

Akatazama filta, akatazama soksi za kushoto na za kulia. "Mimi nilisema fua."

"Ndiyo. Nimefua."

"Si kufua! Kufua!" Akafanya kwa mikono miwili kama mtu anayejitoa shati kichwani. "Kufua, kama shati!"

"Shati nalo hufuliwa, Adeer."

Jikoni mke wangu aliitua sufuria ili acheke vizuri. Adeer alikaa kwenye kiti changu, kile cha plastiki, akajifuta machozi kwa ncha ya kikoi chake. Kabla ya magharibi habari zilikuwa zimefika dukani. Nilipokwenda kununua kiberiti niliulizwa kama na injini nitaipiga pasi.

Alipomaliza kucheka ndipo akafanya kazi. Alilizunguka gari, akainama kwa shida, akabonyeza ubavu wa tairi kwa ukucha wa dole gumba. Nyufa ndogo zikafunguka, nyingi, kama za kisigino wakati wa kiangazi.

"Lakini meno yote yapo," nikasema. "Tazama."

"Meno iko. Ngozi imekufa."

"Halijatembea, Adeer."

"Jua ya Garissa inatembea juu yake kila siku." Akajinyoosha, akishikilia mlango. "Kukaa ni kazi, Karani. Ngamia ukifunga mwaka nzima, siku ya safari anakuuliza safari ni nini."

Neno hilo lilinikaa vibaya, na sikutaka kujua kwa nini. Nikasema nitauliza wataalamu.

Mtaalamu alikuwa Mama. Jioni ileile alitoa kitabu cha gari kwenye kidroo cha dashibodi. Kilikuwa bado ndani ya mfuko wake wa nailoni. Miaka mitano sikuwahi kukifungua, kwa imani kwamba gari lisilokwenda halina la kusomewa. Aliketi sakafuni barazani, akafungua mahali penye jedwali la matengenezo, akaanza kunisomea kwa Kiswahili. Oil ya injini, kila kilomita elfu kumi.

"Umeona?" nikadakia. "Mimi tangu ninunue sijatembea hata elfu tatu. Bado sana."

"Baba, hujanisikiliza mpaka mwisho. 'Au kila mwaka. Chochote kitakachotangulia.'"

"Soma tena."

Akasoma tena. Kilikuwa kineno kidogo, "au", na mimi nilikuwa nimeishi miaka mitano upande wake mmoja. Nilihesabu kilomita kama bahili, bila kujua kwamba upande wa pili miaka ilikuwa inatembea bila kusimama hata kunywa maji. Mafuta ya breki, miaka miwili, hata gari lisitoke uani, kwa sababu hunyonya unyevu. Maji ya rejeta, miaka mitano. Mpira wa tairi una umri wake kama maziwa. Lakini plagi ziliandikiwa kilomita laki moja, bila "au" yoyote. Oil ya giaboksi vilevile, kilomita tupu. Na kuhusu kusafisha injekta, kusafisha injini kwa dawa na kunukiza hewa, Mama alipekua kitabu chote, mbele na nyuma, hakikuwa na habari nazo.

"Kwa hiyo haya matatu ni ya nini?" nikauliza.

"Labda ni ya wao."

"Mama, usiwe na mdomo."

Akachukua kalamu akaikatakata ile orodha. Vinavyozeeka kwa kukaa, akaviwekea alama ya vema. Vinavyozeeka kwa kwenda, akaandika "bado". Vile ambavyo kitabu hakivijui, akapiga mstari. Mambo kumi na moja yakawa sita. Nilimwangalia akipunguza, na kila mstari alioupiga niliusikia kama kiti kinachovutwa chini yangu. Nilijaribu kuitetea injekta. Nilisema injekta ni jambo la ndani sana, huwezi kujua. Akaniangalia kwa macho ya mama yangu.

Nikasema basi niwaulize wenyewe. Kesho yake nikapiga simu tena, akapokea dada mmoja mwenye sauti ya upole. Nikamsomea yaliyobaki na yaliyokatwa.

"Hayo mengine ni mapendekezo tu, mzee," akasema.

Mzee! Nikameza. "Kama gari hili lingekuwa la baba yako," nikamwuliza, "ungemfanyia lipi?"

Nikasikia kiti kikisogea. "Breki na matairi," akasema kwa sauti ya chini. "Hayo usiyachezee. Injini itakuvumilia, breki hazina huruma. Na ubadilishe oil." Kisha sauti ikarudi kuwa ya ofisi, akanitakia siku njema.

Betri nayo ilithibitisha yenyewe. Siku ya kupeleka gari kwa fundi nyuma ya soko, niliwasha, ikatoa mlio kama wa mtu anayekohoa kwa adabu msikitini, ikanyamaza. Tulisukuma: mimi, Mama, na wanaume wawili waliotoka dukani, wote wakiniuliza kwa zamu kama betri nayo niliifua.

Adeer alikuja kwa fundi kusimamia, bila kualikwa. Hapo tuligombana kidogo. Yeye alitaka plagi zibadilishwe.

"Safari ya mbali, blagi mbya," akasema. "Mimi lori yangu, kila safari ya Mandera."

"Kitabu kinasema laki moja, Adeer."

"Kitabu imeendesha gari wabi?"

Fundi, mtu wa Mwingi mwenye maneno machache, alichoka kutusikiliza. Akafungua plagi moja akaileta kwenye mwanga. Ilikuwa safi, imekauka, ncha yake rangi ya biskuti. Adeer aliigeuza, akaigeuza tena, akamrudishia. Hakusema nimeshinda, alisema plagi za siku hizi hazina adabu. Siku mbili hakupitia barazani kwangu. Lakini mafuta ya breki yalipotolewa alikuwepo. Yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Nilifikiria mteremko wowote kati ya hapa na Thika, na mtoto wangu kwenye kile kiti cha pili. Nikafikiria pia kwamba lau ningeshika njia kwa kiburi cha "bado jipya", ile orodha niliyotaka kuilalia kama kisingizio ingethibitika njiani. Nusu yake ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililonisumbua: si orodha iliyokuwa na hila, ni mimi.

Filta mpya ililetwa na basi kutoka Nairobi, imeandikwa jina langu kwa kalamu nene. Mke wangu aliipokea, akaniletea pamoja na pakiti ya sabuni ya unga.

Ijumaa kila kitu kilikuwa tayari. Matairi manne, betri, oil, breki, rejeta, filta. Nililiendesha mpaka karibu na daraja, nikageuza. Lilikwenda kama kisu kwenye papai. Mama aliuliza liko vipi, nikasema lina sauti fulani. Akauliza sauti gani. Nikasema ya chini chini.

Tuliamua kutoka Jumapili, alfajiri, kukishakucha vizuri. Sanduku lake halikuingia nyuma. Tukalifungua, tukahamishia vitu kwenye mifuko, tukaisokomeza mmoja mmoja. Godoro tulisema atanunua huko. Mke wangu aliniwekea chupa ya chai na chapati kwenye karatasi, akanipa mkono kana kwamba naenda Makka ilhali sisi si Waislamu. Mama aliingia akafunga mkanda, kitabu cha gari mapajani.

Nami nikafungua boneti.

Nilichungulia oil. Nilikuwa nimeichungulia saa moja kabla. Nikachungulia maji. Nikagusa plagi ambazo hazikuwa na kosa. Kwa mbali, barabara ya kuelekea darajani ilikuwa tupu, na nilisikia mdomo wangu ukianza kusema wenyewe. Nilisema, unajua, zile injekta. Nilisema pengine tusiwe na pupa. Nilisema basi la saa mbili lina nafasi, angeweza kutangulia, nami ningemfuata katikati ya wiki na mizigo, gari likishatazamwa.

Nyuma ya boneti sikuweza kumwona. Nilisikia tu mkanda ukifunguliwa, ule mlio mdogo, na sauti yake.

"Sawa, Baba."

Ileile ya kidato cha kwanza. Haikuwa imeongezeka wala kupungua.

Nilibaki nimeshika fimbo ya kupimia oil, ikinidondokea kwenye kiatu cha Jumapili. Mke wangu alikuwa ameupa ukuta uso wake. Hapo ndipo Adeer, aliyekuwa ametoka kuswali na ambaye nilidhani bado amenuna kwa ajili ya plagi, aliingia uani bila kubisha hodi, chupa ya maziwa ya ngamia mkononi. Akampa Mama ile chupa kupitia dirishani. Akamwonyesha kwa kidole afunge mkanda. Kisha akaja nilipo, akanipokonya fimbo, akaifuta kwa kikoi chake, akairudisha mahali pake. Akaitazama injini kitambo, mpya hapa, kuukuu pale. Akaiteremsha boneti, akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikalia.

"Orodha imekwisha," akasema. "Gari iko sawa. Mtoto iko sawa. Wewe tu ndio umebaki."